Mikono Yangu, Sauti ya Mwingine

Jumapili, 5 Julai

Nimefagia ua. Nimenyunyizia maji chane za kusukia mkeka na kuzifunika kwa gunia zilainike. Nimepika uji. Wifi Mwajuma kaonja, kaniuliza, "Wifi, huu ni uji au gundi ya kubandikia matangazo?" Nikacheka. Halafu nikajisikia vibaya kwamba nimecheka.

Eda inakaribia miezi mitatu. Sitoki nje ya ua. Sionani na mwanamume asiye wa ndani. Kila kinachotoka kwangu kwenda nje kinapita kwa wifi, na kila kinachoingia kinapita kwake. Maji, samaki, salamu. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Hatibu. Ameacha nyumba na duka lake Kilindoni, amekuja huku kijijini Kanga kukaa nami mpaka nitoke. Si kila mjane anapata wifi wa namna hii.

Leo nimekumbuka Hatibu alivyokuwa akivua viatu akitoka shuleni. Kwanza cha kushoto, anakigonga ukutani kutoa mchanga. Halafu cha kulia, hakigongi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema cha kulia hakiokoti mchanga.

Jumanne, 7 Julai

Mwalimu Gervas alikuja baada ya alasiri. Nilijua ni yeye kabla hajasema. Anabisha hodi kama mtu anayeogopa mlango. Ni mwenyeji wa Kigoma, anafundisha hesabu. Hatibu alifundisha fizikia. Mapumziko yote walikuwa pamoja, wanakula mihogo na kubishana.

Nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Nilimwambia wifi amkumbushe ile video. Akatoka barazani. Walikaa muda. Sikusikia maneno, nilisikia kuku tu. Aliporudi akasema, "Atakuja nayo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza. Akasema ni moshi.

Ile video ndiyo kitu pekee. Hatibu alitumia kitochi mpaka mwisho. Mwalimu mzima wa fizikia, simu ya vitufe, betri imefungwa kwa mpira. Akisema simu ni ya kupiga. Picha zake zipo. Sauti yake haipo popote ila hapo, kwenye simu ya Mwalimu Gervas. Walirekodi hapa uani alipokuwa ameanza kuumwa. Mimi nasuka ukili wa kushonea mkeka, yeye anaeleza. Inaonekana mikono yangu tu. Uso nilikataa.

Sijaiona. Walipomaliza nilikwenda kutazama wali motoni.

Ijumaa, 10 Julai

Niandike alichokuwa akieleza kabla sijachanganya. Mimi niliishia darasa la saba. Naandika kama nilivyoelewa.

Kuna kompyuta mpya zinazojaribiwa nchi za nje, zinaitwa za kwantamu. Kwenye kompyuta ya kawaida kila kitu ni ndiyo au hapana. Hizi zinaweza kushika ndiyo na hapana kwa pamoja, kwa muda mfupi, na nguvu yake iko hapo. Lakini hazina ustahimilivu. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, hesabu imeharibika. Hatibu akisema ni kama kubeba maji kiganjani ukipita katikati ya ngoma.

Kwa hiyo wako wataalamu wanaotafuta chembe za ajabu. Huziokoti mahali kama mchanga. Zinatokea kwenye tabaka jembamba mno, kwenye baridi isiyo na mfano, pale elektroni nyingi zinapokubaliana kutenda kama kitu kimoja. Alinitajia jina la chembe hizo. Anyoni. Ukizungusha moja ikaipita nyingine, zinakumbuka ipi imepita wapi. Habari hawaiweki ndani ya chembe. Wanaiweka kwenye kupishana kwao. Ukiisukuma chembe moja kidogo, kupishana kunabaki kule kule.

Hapo ndipo alipokuwa akikwama. Hakujua awaelezeje wanafunzi. Siku kadhaa anaingia anatoka, anaongea peke yake. Mimi nimekaa nasuka. Akasimama, akanitazama mikono. "Chane hii ikichanika kidogo pembeni, mkeka unaharibika?" Nikamwambia hapana, maadamu imepita inapotakiwa kupita. Akajipiga paja. "Umenimalizia kazi, mke wangu."

Alifurahi siku nzima. Aliomba chai mara mbili na hakuinywa hata moja.

Na kuna jambo alilipenda kuliko yote. Kwamba wataalamu wenyewe bado wanagombana kama wamekwisha kuziona chembe hizo kweli, au wameona kitu kingine wakakiita hivyo. Akisema elimu iliyokwisha haina utamu.

Jumatano, 15 Julai

Mwalimu Gervas hajaja. Nimemuuliza wifi. Amesema ana mitihani ya kusahihisha. Jana alisema simu ya Mwalimu imeharibika.

Nimesuka kidogo. Mkono mzito.

Alhamisi, 16 Julai

Nimeuliza tena. Wifi kasema, "Wifi, mtu yuko kazini, hayuko kwako." Kasema kwa ukali. Huenda amechoka. Kufungiwa na mjane si jambo jepesi, na yeye si aliyefungwa.

Jumapili, 19 Julai

Nuru kapiga simu. Binti yangu yuko Dodoma, anasomea uuguzi. Hata salamu hakumaliza. "Shikamoo mama, mikono yako imefika Dodoma! Imetumwa kwenye kundi letu la chuo, mtu anasema tazameni akina mama wa Mafia wanavyofundisha kwantamu." Anacheka. Nami nikacheka. Nikasema alhamdulillahi, Mwalimu Gervas katimiza.

Halafu akapunguza sauti. "Lakini mama. Mbona baba hayumo?"

Sikuelewa. Kasema atanitumia kwenye simu janja aliyoniachia. Mtandao mbaya. Inazunguka tu, haifunguki.

Jumatatu, 20 Julai

Imefunguka.

Mikono yangu. Pete yangu ya fedha. Kidole kilichochomwa na mwiba wiki ile, nimekifunga kipande cha kanga ya bluu. Ukili wangu mweupe na zambarau. Kisha ikaingia sauti, si ya Hatibu. Ni ya Mwalimu Gervas.

Anaeleza vizuri. Lazima niandike ukweli. Anaeleza vizuri kuliko Hatibu. Harudii, hapotei njiani. Anasema adui wa kompyuta hizi ni kelele, na kazi ya chembe hizi ni kuikinga habari na kelele. Na nyuma yake kimya kitupu. Ua wetu haujawahi kuwa na kimya kile. Siku ile kulikuwa na jogoo, kulikuwa na watoto wa madrasa, kulikuwa na kikohozi cha Hatibu. Vyote vimeondolewa.

Anasema wataalamu wamezipata chembe hizo. Hasemi kwamba wanagombana.

Kuna mahali naunga chane mpya, mikono inasimama. Pale Hatibu alinitania. Nakumbuka nilicheka, sikumbuki alisema nini. Kwenye video mikono yangu inatikisika kwa kicheko, na Mwalimu Gervas anaendelea na somo lake. Nacheka jambo ambalo halipo.

Mwisho yanatokea maandishi. Wazo na maelezo ni ya Mwalimu Gervas. Shukrani kwa wanajamii wa Kanga. Jina la Hatibu halipo. Wanajamii wa Kanga ni mimi.

Nimeitazama tena na tena mpaka betri ikaisha. Nilikuwa nadhani nikiirudia itatokea sauti yake chini ya ile nyingine.

Jumanne, 21 Julai

Nimemwonyesha wifi. Alitazama kidogo akageuza uso, akasema ana samaki wa kuparua. Nikamwambia, "Tazama mpaka mwisho, mdogo wako kaibiwa." Akasema, "Watu wa bara ndivyo walivyo." Akaenda kwa samaki.

Sikupenda neno hilo. Mwalimu Gervas alimbeba Hatibu mgongoni kutoka darasani siku aliyoanguka. Alilia makaburini, akiwa mbali kidogo, hajui asimame wapi. Ndiyo maana inauma. Mwizi nisiyemjua asingeniuma hivi.

Ijumaa, 24 Julai

Nimemtuma wifi kwa Mwalimu Gervas. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi. Video hiyo aifanye atakavyo, lakini sauti ya mume wangu anirudishie.

Wifi alikwenda, alirudi. Kasema hakumkuta.

Jirani yetu aliyeleta nazi anasema video imeshinda maonyesho ya sayansi Kilindoni, na Mwalimu Gervas atapelekwa bara kuionyesha. Watu wanampongeza barabarani. Anasema kanunuliwa soda na wanafunzi.

Namchukia. Sijawahi kuandika neno hilo humu.

Jumatatu, 27 Julai

Nimejaribu kuisikia sauti ya Hatibu kichwani. Maneno yanakuja. Sauti haiji. Inakuja sauti ya Mwalimu Gervas inasema maneno ya Hatibu.

Hili sikulitegemea. Kaingia mpaka humu.

Alhamisi, 30 Julai

Wifi kasema hakumkuta tena. Shule ni karibu, kengele yake tunaisikia. Mwalimu anayefundisha kila siku hakutwi vipi?

Nimemwomba Nuru anitafutie namba yake. Wifi alisikia. Kasema si vizuri mwanamke aliye edani kumpigia mwanamume asiye wake. Nikasema ni haja, na haja ina ruhusa. Akasema, "Haya, wewe ndiye shekhe." Utani wake wa kawaida, lakini hakuwa akicheka.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimempigia.

Nilijitambulisha. "Shemeji! Pole, shemeji. Nimekuwa nikikuwaza." Nikamuuliza sauti ya mume wangu iko wapi.

Kisha akasema, "Shemeji, si wewe uliyesema niifute?"

Nimekaa chini. Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, nikakaa pale pale kwenye tope.

Alieleza. Siku ile aliyokuja baada ya alasiri alikuwa nayo. Alikuja kunipa. Wifi alimwambia kwanza ataisikiliza yeye, na Mwalimu akampa spika za masikioni, kwa heshima, nisishtuke huko ndani. Wifi akasikiliza yote. Akaingia ndani. Akatoka. Akamwambia, "Mwenyewe amesema mikono tumia, sauti futa. Ifute nikiona." Akaifuta, wifi anatazama. Alidhani ni desturi yetu. Alidhani anayesimama mlangoni ni mdomo wa aliye ndani. Na hakukosea. Ndivyo ilivyo. Ndivyo kila mtu angedhani.

Jana, aliposikia Nuru anatafuta namba yake, aliingiwa na wasiwasi, kaipeleka simu kwa fundi Kilindoni. Fundi kasema hakuna kilichobaki.

Siku ile wifi alipoingia ndani nilikuwa hapa, nyuma ya pazia. Aliniuliza kama nataka chai.

Sauti ya Hatibu ilikuwa barazani kwangu.

Jumapili, 2 Agosti

Nilimsubiri amalize kuswali. Nikamwambia nimeongea na Mwalimu Gervas. Hakuuliza kuhusu nini. Alikunja mswala taratibu, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilikukinga, wifi. Sauti ya maiti ndani ya nyumba ya eda? Ungelala wewe? Ungekula?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekubali ifutwe?"

"Ndiyo maana ungeniuliza."

Akasema mimi sina shukrani. Akasema ameacha duka, ameacha wajukuu, anateka maji kama kijakazi, na malipo yake ni kuhojiwa. Yote kweli. Nikamwambia yote ni kweli. Nikamuuliza kama aliisikia mpaka mwisho.

"Mpaka mwisho."

Yeye kasikia. Mimi sikusikia. Sina la kuongeza.

Jumatano, 5 Agosti

Tunakaa nyumba moja hatusemezani. Anapika, naosha vyombo. Ananiwekea maji ya kuoga mlangoni, anaondoka. Nikimtazama namwona mtu ambaye ndani ya kichwa chake kuna kitu changu.

Kumbukumbu ndogo ya leo. Hatibu hakuweza kukunja chandarua. Kila asubuhi alikifanya kama mpira na kukisukumia ukutani. Nilikuwa nikigomba. Sasa nakikunja vizuri na hakuna wa kukiharibu.

Jumapili, 9 Agosti

Madrasa wameanza mazoezi ya kaswida za Maulidi. Wanakosea mahali pale pale kila mara, wanaanza upya.

Wifi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilikuwa napepeta mchele. Akaanza kusema bila kuniangalia.

"Hakunitaja, Rukia."

Hajawahi kuniita kwa jina. Daima ni wifi.

"Mke wangu kanifundisha hivi, mke wangu kaniambia vile, tazameni mikono ya mke wangu. Sikatai. Lakini nani aliyempeleka shule? Baba alisema shule aende mmoja. Nilikuwa mbele yake madarasa mawili, nikatolewa mimi. Nikauza visheti stendi, yeye akanunuliwa kaptula. Nilikaa pale barazani, ndugu yangu ananiimbia masikioni, nikasubiri. Nikasema sasa atanitaja. Sasa atanitaja. Akakohoa, ikaisha."

Aliendelea kukuna. Alikuna mpaka kifuu. Tui lilitoka na vumbi la kahawia, tukalila hivyo hivyo.

Kwa hiyo haikuwa kunikinga. Au ilikuwa yote mawili. Alichukia, na alinionea huruma, na akatumia mdomo wangu kufanya alilotaka yeye. Nilimhurumia. Hasira haikuondoka. Vimekaa pamoja humo humo.

Alhamisi, 13 Agosti

Homa kidogo. Wifi kanichemshia mchaichai. Nimekunywa. Sikumshukuru.

Jumapili, 16 Agosti

Nimetoka eda.

Wanawake wa mtaa walikuja asubuhi. Kuoga, dua, kanga mpya. Anayemwagia maji ni wifi wa mjane, ndivyo ilivyo kwetu, na hakuna aliyejua kwamba hatusemezani. Alinimwagia. Maji ya baridi yalipopita mgongoni nilishtuka, akaniwekea mkono begani kunishika, kisha akautoa haraka kama aliyegusa kisicho chake.

Mmoja akasema, "Mwajuma, wewe ni wifi wa dhahabu." Wote wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Nilisikia sauti yangu ikiitikia.

Nimetoka nje. Barabara ni pana kuliko nilivyokuwa naikumbuka.

Jumatatu, 17 Agosti

Wifi kaondoka na gari la asubuhi. Mkoba mmoja, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kasema, "Haya, wifi." Nikasema, "Haya." Basi.

Nyumba ni kubwa.

Jumanne, 18 Agosti

Nimekwenda shuleni. Nilivaa baibui langu la sikukuu. Mwalimu Gervas alikuwa ofisini na walimu wawili. Aliponiona alisimama mpaka kiti kikaanguka. Wale wengine wakakumbuka wana vipindi.

Kakonda. Alisema samahani kabla sijakaa. Nikamwambia la sauti namsamehe. Aliambiwa, akafanya. Mtu wa kulaumiwa kwa hilo namjua. Lakini jina?

Akasema alidhani sitaki marehemu atajwe.

"Hilo nalo uliambiwa mlangoni?"

Alikaa. Akatazama mikono yake. "Hapana, shemeji. Hilo nililidhani mwenyewe." Halafu, "Nilidhani kwa sababu ilinifaa kudhani."

Angalau kasema. Niliyemtegemea zaidi ilibidi akune nazi nzima kwanza.

Nikamwambia wazo lilikuwa la Hatibu na wewe ulikuwa rafiki yake, na hiyo safari ya bara nenda, lakini nenda naye. Akafungua kompyuta mbele yangu. Akaandika. Aliniuliza herufi za jina la baba yake Hatibu, nikamtajia. Pia akasema ataongeza kwamba wataalamu bado hawajakubaliana. Akasema alikuwa ameliondoa kwa kuwa waamuzi hawapendi jambo lisilo na uhakika. Nikamwambia Hatibu angekugombeza. Akacheka na kulia kwa pamoja, akavuta droo kutafuta kitambaa, akapata chaki tu.

Nikamuuliza lile nililokuja nalo hasa. Anakumbuka Hatibu alivyosema? Maneno yenyewe, si maana.

Alifikiri. Alijaribu kweli, nilimwona. Akasema, "Nilikuwa naangalia betri, shemeji. Na mwanga. Yale maneno nilikuwa nimeshayasikia mara nyingi, sikusikiliza."

Mtu aliyesikiliza ni mmoja tu.

Ijumaa, 21 Agosti

Siendi kwa wifi.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimefua. Nimeshona kili mbili kwenye mkeka. Nimekwenda kisimani mwenyewe. Watu wananisalimia kama niliyetoka safari. Nasema nzuri, nzuri.

Bado nina hasira na wifi. Nadhani nitakuwa nayo muda mrefu. Sijamsamehe, na sitaki mtu aniambie kusamehe ni bora, najua. Lakini ana umri mkubwa, presha inampanda, na kile alichonacho hakipo pengine popote. Nikingoja mpaka nisamehe kwanza, huenda nikachelewa.

Jumapili, 23 Agosti

Nimekwenda Kilindoni. Nilipanda bodaboda, nimeshika mkoba kwa mikono miwili, kijana akaniambia, "Mama, nishike mimi, mkoba hauanguki."

Wifi alikuwa dukani kwake. Duka la kanga, dogo, mlango mmoja. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, akaendelea kukunja. Kulikuwa na mzigo mpya umefunguliwa, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kukunja upande wangu. Tulikunja.

Nikamwambia, "Sikuja kwa ugomvi, wala sikuja kwa suluhu. Nimekuja uniambie alichosema."

Alinyoosha kanga iliyokwisha kunyooka. Nikajua anatafuta namna ya kukataa. Kisha akasema, "Alisema kuna kompyuta..."

Nikamkatiza. Hakuanza na kompyuta. Hatibu hakuwahi kuanza jambo bila bismillahi.

"Nani aliyesikia, mimi au wewe?"

"Nilikuwepo, wifi. Nilikuwa nasuka."

"Basi kama ulikuwepo unaniuliza nini?"

Tukabishana. Mteja akaingia, akatusikia, akatoka. Mwisho akakubali bismillahi ilikuwepo, ila kabla yake kulikuwa na kikohozi, na kabla ya kikohozi alisema neno kwa Mwalimu Gervas, "Imeshawaka?" Hilo sikulijua. Nilikuwa naanza kusuka, sikusikia. Nikamwambia arudie. Akarudia. "Imeshawaka?"

Pale nilipocheka hakumbuki kilichosemwa. Alisema alikuwa akilia wakati huo, hakusikia vizuri. Nilitaka kukasirika. Sikuweza. Tuliacha pengo hapo, tukaendelea mbele.

Kidogo kidogo akaacha kusema "alisema". Akaanza kusema tu. Kwamba chane moja haina habari, uikate uitazame hutaona mkeka. Kwamba habari iko kwenye kupishana. Yeye mwenyewe haelewi maneno hayo, aliniambia, anayatoa kama alivyoyapokea. Alikuwa amefumba macho, mikono inakunja kanga yenyewe.

Sauti ya wifi ni nyembamba. Ya Hatibu ilikuwa nzito. Lakini kama yake, mwishoni mwa sentensi inashuka kidogo, kama mtu anayetua mzigo taratibu, na kabla ya neno gumu anavuta pumzi puani. Miaka yote nimekaa na hawa ndugu wawili na sikuwahi kulisikia hilo.

Niliinamisha kichwa, nikatazama kanga zilizokuwa mapajani mwangu. Sikutaka anione nalia, asije akanyamaza.